Globu Iingiayo na Globu Ifaayo

Mtu akivunjika mpini wa jembe hutafuta mti, akachonga mpini mwingine, akaujaribu katika tundu la jembe. Ukiingia na kukaza, kazi imekwisha. Jembe halina siri nyingine. Kufuli nayo ni vivyo hivyo: ufunguo ukiingia na kuzunguka, mlango hufunguka. Kwa ajili ya mazoea hayo watu wengi hudhani ya kuwa kila kitu kiingiacho mahali pake ndicho kifaacho. Lakini taa ya umeme si jembe, wala si kufuli. Globu yaweza kuingia katika holda yake vizuri kabisa, ikakaza, isilegee hata kidogo, na hata hivyo isifae. Huenda isiwake, au ipasuke mara moja, au iwake kwa fahari na kuimaliza betri kabla ya kupambazuka. Habari hizi ni za jambo hilo, na za mzee mmoja na mjukuu wake wa pwani ya Tanga, waliokwenda mjini kutafuta globu moja ndogo.

Zamani taa za pwani zilikuwa rahisi kuzielewa. Maskini aliwasha koroboi, yaani kopo dogo lenye utambi na mafuta ya taa. Mwenye uwezo kidogo alikuwa na chemli, na wavuvi walikuwa na karabai. Hata sasa, usiku wa giza mbele ya Tanga, mtu akisimama ufukoni huona taa za wavuvi wa dagaa zimejipanga baharini kama kijiji kilichohamia majini. Maana dagaa hufuata mwanga, na mvuvi asiye na taa hurudi na ngalawa tupu. Taa zile za mafuta nazo zilikuwa na masharti yake. Utambi mpana hauingii katika chemli ya utambi mwembamba, na kioo cha taa kubwa hakikai juu ya taa ndogo. Lakini masharti yale yote yalionekana kwa macho. Mtu alipima kwa mkono wake, akajua. Umeme hauonekani, na hapo ndipo penye ugumu.

Ili kuufahamu umeme, yafaa kuutazama mto Pangani. Mto huu hupata maji yake katika milima ya Kilimanjaro na Meru, hupita bwawa la Nyumba ya Mungu, hukaribia Korogwe, kisha huangukia mawe makubwa kabla ya kufika baharini penye mji wa Pangani. Katika miaka ya 1930 kampuni ya umeme ilijenga mtambo penye maporomoko hayo, na umeme wake ukapelekwa Tanga na katika mashamba ya mkonge. Mwaka 1964 mtambo wa Hale ulianza kazi, na mwaka 1995 ulianza mtambo mpya wa Maporomoko ya Pangani. Mitambo hii huzungushwa na maji yaangukayo. Na kila mtu aliyesimama chini ya maporomoko ajua ya kuwa kuna mambo mawili ya kuangalia katika maji: la kwanza ni kimo yanakotoka, la pili ni wingi wake. Maji yaangukayo kutoka juu sana hupiga kwa nguvu. Maji yaangukayo kutoka kwenye kizingiti cha mlango hayaumizi mtu.

Umeme nao una kimo chake, na kimo hicho hupimwa kwa volti. Jina hili latokana na Alessandro Volta, Mwitalia aliyetengeneza betri ya kwanza mwaka 1800. Umeme unaotoka katika nguzo na kuingia nyumbani, Tanga na Tanzania nzima, ni wa volti 230. Huo ni kama maji yaangukayo kutoka kwenye jabali, nao waweza kumwua mtu. Tena hauendi upande mmoja. Huenda na kurudi, mara 50 katika kila nukta moja ya saa. Umeme wa betri ni mwingine. Huenda upande mmoja tu, hutoka penye alama ya kujumlisha, hupita katika taa, hurudi penye alama ya kutoa. Nao kwa kawaida ni wa volti chache.

Betri ya gari dogo ni ya volti 12, maana ndani yake mna vyumba sita, na kila chumba kina volti 2. Pikipiki nyingi zina volti 12 vilevile. Malori makubwa hutumia volti 24, yaani betri mbili zilizofuatana. Dinamo ya baiskeli, ile isuguayo gurudumu, hutoa volti 6. Tochi ya mawe mawili ina volti 3, maana kila jiwe ni volti moja na nusu. Na nyumba nyingi za vijijini zilizo mbali na nguzo hupata mwanga wa jua: bamba la sola huwekwa juu ya paa, huijaza betri mchana, na usiku betri huwasha taa. Betri hiyo, mara nyingi, ni ya volti 12.

Sasa shida ni hii. Globu ya volti 12 na globu ya volti 230 zaweza kufanana kama mapacha. Zote mbili huweza kuwa na shingo ya aina moja. Shingo zijulikanazo zaidi ni mbili. Iko shingo ya parafujo, ambayo huzungushwa mpaka ikaze. Kubwa yake huitwa E27, na herufi ile E ni ya jina la Edison, yule Mmarekani aliyeonyesha taa yake mwaka 1879, na 27 ni upana wa shingo kwa milimita. Na iko shingo ya pini, yenye vipini viwili ubavuni, ambayo husukumwa ndani na kuzungushwa kidogo. Hiyo huitwa B22, maana upana wake ni milimita 22. Basi herufi na namba hizo zasema umbo la shingo tu. Hazisemi hata kidogo kama globu ni ya umeme wa jabali au ya umeme wa kizingiti. Mtu akitia globu ya volti 230 katika umeme wa volti 12, haiwaki, au uzi wake huonyesha wekundu hafifu tu. Akitia globu ya volti 12 katika umeme wa volti 230, hukatika papo hapo kwa mwako mkali, na vioo vyaweza kumrukia usoni.

Katika njia itokayo Tanga kwenda Pangani kilikuwapo kijiji kimoja cha wavuvi na wakulima wa minazi, ambacho siku zile nguzo za umeme zilikuwa hazijakifikia. Kijiji hicho kilikuwa na zahanati ndogo. Juu ya bati lake palikuwa na bamba la sola, na ndani ya sanduku la mbao palikuwa na betri. Taa zilikuwa tatu tu: moja ya barazani, moja ya chumba cha wagonjwa, na moja ya chumba cha kuzalishia. Muuguzi wa zahanati hiyo alikuwa mwanamke wa makamo, naye watu wote walimwita Mama Nesi. Mlinzi alikuwa mzee aliyekuwa mvuvi ujanani mwake. Na binti ya mzee huyo alikuwa na mtoto wa kiume, mwanafunzi wa darasa la saba.

Usiku mmoja wa Alhamisi taa ya chumba cha kuzalishia ilizimika. Wakati ule mlikuwa na mzazi kitandani. Mama Nesi alimwita dada ya mzazi aingie na simu yake, naye akashika simu kwa mkono uliotetemeka, akamulika mara kitandani mara ukutani. Mtoto alizaliwa salama, lakini asubuhi Mama Nesi alisema, "Babu, usiku wa jana Mungu alituhurumia. Sitaki kumjaribu mara ya pili. Tutafutie globu."

Mzee akatwaa globu iliyoungua, akaenda duka la kijijini. Mwenye duka aliitazama shingo yake yenye pini mbili, akatoa mpya yenye pini mbili kama ile. Mzee akarudi, akaitia, ikaingia vizuri, akabonyeza swichi. Giza. Akairudisha dukani. Mwenye duka alikuwa na jenereta ya kuendeshea friji yake; akaiwasha, akaijaribu globu ile mbele ya mzee, nayo ikawaka kama mchana. Mzee akashangaa sana. Akairudisha zahanati, akaitia tena. Giza vilevile.

Mama Nesi akasema, "Globu ni nzima, maana umeiona ikiwaka. Holda ni nzima, maana globu ya zamani iliwaka humo miaka miwili. Basi ugomvi ni wa nani?"

Yule mvulana alikuwa amekuja kumletea babu yake chakula. Akaomba aione ile globu iliyoungua. Akaipangusa kwa upindo wa shati lake, akaigeuzageuza penye mwanga wa dirisha. Maandishi yake yalikuwa yamefutika kwa joto na vumbi. Palisalia namba 12 na herufi V. Kisha akaitazama ile mpya: iliandikwa 230 V. Akasema, "Shikamoo Mama. Naomba niseme. Globu hizi ni za nchi mbili."

"Marahaba, mwanangu. Za nchi mbili namna gani?"

"Hii ni ya volti 12, na hii ni ya volti 230. Jenereta ya dukani hutoa umeme kama wa mjini. Betri yetu ni ndogo mno kwa globu hii; haina nguvu ya kuiamsha."

Basi ikakatwa shauri kwamba Jumamosi, ambapo hakuna shule, mzee na mjukuu wake waende Tanga. Mama Nesi hakukubali wachukue globu mojawapo ya zile mbili zilizobaki kuwa mfano, kwa maana wagonjwa walizihitaji. Lakini mvulana alifanya jambo moja la busara. Alifungua sanduku la betri, akaandika katika daftari lake yote aliyoyaona: betri, volti 12, ampea-saa 100, fyuzi, ampea 3, holda, ya pini. Hakuelewa yote aliyoyaandika, walakini aliyaandika. Watu wengi huacha kuandika wasichokielewa. Na hicho ndicho hasa kinachostahili kuandikwa, ili apatikane wa kukifafanua.

Walipanda basi la alfajiri. Wakapita Kigombe, wakapita Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya kale, jua likachomoza upande wa bahari, wakaingia Tanga. Duka la kwanza waliloingia lilikuwa la vyombo vya kila namna. Mwuzaji hakuitazama globu hata mara mbili. Alisema, "Za pini ziko nyingi," akawatolea. Mvulana akasoma: 230 V. Akarudisha kwa adabu, wakatoka.

Wakaingia Ngamiani, penye barabara zinazojulikana kwa namba, wakazunguka mpaka adhuhuri. Kila duka lilikuwa na globu, na kila globu ilikuwa ya umeme wa nyumba. Wakafika duka la vipuri vya pikipiki. Hapo palikuwa na globu za volti 12 tele. Lakini shingo zake zilikuwa nyembamba, nyingine zina pini moja juu na nyingine chini, zisikae kabisa katika holda ya zahanati. Mzee akacheka kwa uchungu, akasema, "Kule zaingia wala haziwaki, hapa zingewaka wala haziingii."

Saa nane wakapata duka moja lililokuwa na globu ya volti 12 yenye shingo ya pini pana. Mzee alifurahi mno. Ilikuwa globu ya uzi, na juu yake imeandikwa 12 V, 50 W. Mwuzaji akasema, "Hii ina mwanga wa kushinda zote. Chumba kitakuwa mchana." Basi la kurudi lilikuwa likaribia kuondoka. Mzee akatia mkono mfukoni kutoa fedha.

Mvulana akasema, "Babu, niwie radhi. Volti ni zetu, na shingo ni yetu. Lakini iko namba ya pili, hii 50, nami siijui. Na tumwulize fundi kwanza."

Mzee akasema, "Mjukuu wangu, basi litatuacha."

"Likituacha tutalala kwa shangazi, Babu. Kesho tutarudi."

Mzee alinyamaza kidogo. Alikuwa mtu wa baharini, naye alijua ya kuwa nahodha aharakiaye pwani hupanda mwamba. Akarudisha fedha mfukoni.

Fundi waliyemwona alikuwa mtu mnene, mwenye miwani, aliyekaa katikati ya redio na mapanga ya feni. Mzee akamweleza haja yake, na mvulana akamfungulia daftari. Fundi alisoma, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akasema, "Aliyeandika haya ameniondolea safari ya kwenda kwenu. Sasa sikilizeni. Volti ni kimo cha umeme. Wati ni kiasi ambacho taa hula. Taa ya wati 50 hula wati-saa 50 kila saa, sawa na mtu mwenye chakula chake cha kila saa. Betri yenu ni ghala. Zidisha volti 12 kwa 100. Ghala lenu lina kiasi gani?"

"Wati-saa 1,200," mvulana akajibu.

"Vema. Lakini betri ya namna hii haipendi kukombwa mpaka chini. Mwenye kuikomba kila usiku huiua. Tumieni nusu tu. Nusu yake?"

"Wati-saa 600."

"Usiku una saa 12. Globu ya wati 50, kwa saa 12?"

Mvulana akahesabu kwa vidole, kisha macho yakamtoka. "600! Imelila ghala lote peke yake. Na bado barazani na kwa wagonjwa."

"Tena haingefika hata huko," fundi akasema. "Gawanya 50 kwa 12: ni zaidi ya ampea 4. Fyuzi yenu ni ya 3. Ingekatika, na taa zote tatu zingezimika pamoja. Na mtu asiyejua angefunga fyuzi kwa kipande cha waya, kisha waya za dari zingepata moto."

Fundi akasimama, akavuta sanduku kutoka chini ya meza, akatoa globu nyeupe iliyofunikwa vumbi. Ilikuwa ya ledi, yaani ile aina mpya isiyo na uzi ndani. Taa nyeupe za namna hii ziliwezekana baada ya wataalamu wa Japani kupata ledi ya buluu, na watatu katika kazi hiyo walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2014. Taa ya uzi hupoteza sehemu kubwa ya umeme wake kwa joto. Ledi hula kidogo na kutoa mwanga mwingi. Juu ya globu ile paliandikwa 12 V DC, 7 W. "Herufi hizi DC," fundi akasema, "maana yake ni umeme uendao upande mmoja, ndio wa betri. Saba kwa saa 12 ni 84. Taa tatu kama hii ni 252. Ghala lenu litabaki na akiba hata siku ya mawingu."

Kisha hakuwauzia bado. Aliitia globu katika holda iliyofungwa kwa betri yake, ikawaka. Akasema, "Msinunue taa msiyoiona ikiwaka, na iwakie umeme wa aina yenu, si wa jirani. Jambo la mwisho ni hili. Ledi ina mlango wa kuingilia na mlango wa kutokea. Umeme ukija kwa mlango wa nyuma, nyingine hupokea na nyingine hukataa. Hii ni ya kukataa. Mkiitia nayo isiwake, msiseme imekufa. Zimeni swichi, itoeni, igeuzeni nusu mzunguko, muitie tena. Shingo ya pini huingia kwa pande mbili, na mmoja wapo ndio wake."

Wakamlipa, wakakimbia, wakalikuta basi linanguruma tayari.

Walifika kijijini magharibi imekwisha ingia. Barazani palikuwa na watu. Msichana mmoja wa kijiji cha jirani, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza, alikuwa ameletwa kwa bajaji, naye uchungu ulikuwa umemshika tangu alasiri. Mama Nesi alikuwa ndani pamoja na chemli mbili, na moshi wake ulikuwa umewasha macho ya wote. Mama mkwe wa msichana alikaa mlangoni, amejishika tama. Mzee akapita upesi, akapanda kiti, akaitia globu. Akabonyeza swichi.

Giza.

Kukawa kimya kizito. Mzee akashuka, akasema kwa sauti ya chini, "Fundi amekula fedha zetu."

Mvulana akasema, "Hapana, Babu. Tuliiona ikiwaka. Tukijua ya kuwa ni nzima, basi lililobaki ni upande tu." Akazima swichi, akapanda kiti, akaisukuma globu ndani, akaizungusha, akaitoa. Akaigeuza nusu, akaitia tena mpaka pini zikakaa. Akashuka, akabonyeza.

Chumba kizima kikatokea mara moja: kitanda, beseni, pamba nyeupe mezani, na uso wa msichana uliolowa jasho. Mama Nesi hakusema neno la taa. Alisema tu, "Tokeni nje, wanaume," akafunga mlango.

Mtoto alizaliwa saa tisa ya usiku, wa kike. Lakini baada ya kuzaliwa mtoto, mama yake alitokwa na damu nyingi. Kwa mwanga ule Mama Nesi aliona mahali damu ilikotoka, akaifunga kwa uzi na sindano, mikono yake isikosee. Kulipopambazuka mama na mtoto walikuwa wamelala wote wawili. Mama Nesi akatoka barazani, akanawa, akamkuta mvulana amelala juu ya mkeka karibu na babu yake. Akamfunika kwa kanga yake.

Siku ile ile aliandika karatasi, akaigandisha ukutani chini ya holda. Iliandikwa hivi: Pini pana. Volti 12, ya betri. Wati 7, isizidi. Isipowaka, geuza nusu. Na chini yake, kwa herufi kubwa: usiitie kamwe katika umeme wa nyumba.

Maneno yale ya mwisho yalikuwa ya maana, kwa kuwa umeme wa nguzo umekuwa ukienea vijijini, hasa baada ya Wakala wa Nishati Vijijini kuanza kazi mwaka 2007. Ulipokifikia kijiji kile, mafundi walifunga waya mpya na holda mpya, nazo zilikuwa za pini kama zile za zamani. Mfanyakazi mgeni aliikuta kabatini globu moja ya akiba, nzuri, haijatumika, akataka kuitia katika holda mpya. Ndipo macho yake yakaiangukia ile karatasi. Akaisoma, akaitazama globu, akaona namba 12, akairudisha kabatini.

Basi mtoto atumwaye kununua globu, awe Tanga, awe Pangani, awe Muheza, na ajiulize maswali manne kabla ya kutoa fedha. Je, shingo yake ni ya namna gani? Je, volti zake ni zile za umeme wetu? Je, wati zake hazizidi kile ambacho betri na fyuzi zetu hubeba? Na kama ni ya betri, je, ina upande wake? Shingo mkono huipima. Yale mengine sharti yasomwe, na yakiwa yamefutika, sharti yaulizwe. Kuuliza si ujinga. Mzee yule aliyevua samaki miaka arobaini hakuona haya kumsikiliza mjukuu wake, na mjukuu hakuona haya kusema mbele ya duka zima kwamba iko namba asiyoijua.

Maneno ya kujifunza: holda, mahali ambapo globu hutiwa, fyuzi, kipande ambacho hukatika ili waya zisipate moto, ampea-saa, kipimo cha akiba ya betri.

Hesabu: Betri ya volti 12 ina ampea-saa 60. Taa mbili za wati 9 huwaka kwa saa 10. Je, zitatumia wati-saa ngapi? Je, nusu ya akiba ya betri itatosha?